Nilivyochagua Ukumbi wa Jimnastiki Mara Mbili

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya makochi. Kurasa za mwanzo zimejaa migongo na mikono ya viti vya watu. Zilizobaki nazichukua kwa ajili ya wanangu, maana jambo hili nikiliacha kichwani litachanganyika na kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu wa michezo ameniita shuleni, akanikalisha kwenye kiti cha watoto mpaka magoti yakanifika kidevuni, akaniambia binti yangu mkubwa amemaliza yote aliyokuwa nayo ya kumfundisha.

"Mama, mimi kazi yangu ni kuwakimbiza watoto kuzunguka uwanja. Huyu anahitaji klabu ya jimnastiki, ile ya mashindano kabisa. Na aingie mapema. Tarehe nne Mei kuna mchujo wa timu ya vijana, na asiye na klabu hachujwi."

Binti huyo ana miaka kumi na moja. Nyumbani tunamwita Chachu, kwa sababu tangu mchanga ukimlaza anainuka. Mdogo wake ana miaka saba, naye ni Nukta, kwa udogo wake. Chachu anapiga msamba sakafuni akisubiri chai ipoe. Nukta anapiga vichwangomba kitandani, na chaga mbili zimeshavunjika.

Nimemwambia mwalimu aniachie mimi. Kuchagua kitu kizuri ndiyo kazi yangu. Mwaka wa kumi na tano huu mimi ni fundi wa makochi; naingia nyumba ya mtu, nakaa mara moja tu, najua ndani kuna sponji ya namna gani na kama aliyelitengeneza alikuwa na haraka. Ukumbi wa mazoezi utanishinda nini?

Jumapili, 3 Machi

Mvua zimeanza. Baba yao ni fundi bomba, kwa hiyo mitaro ikiziba sisi hatumwoni. "Chagua wewe," ameniambia akivaa mabuti. "Mimi nitakuwa dereva." Mume mwenye akili anajua mipaka yake.

Jumamosi, 9 Machi

Tumeanza na ukumbi wa karibu, ule uliokuwa ghala la saruji. Vumbi lake bado unalisikia puani. Juu bati, chini ndoo tatu zinakinga maji, na watoto wanazikwepa bila hata kuzitazama. Kocha ni mwanamume mnene wa makamo, anaongea tangu unaingia mpaka unatoka. Nimempa jina la Porojo.

Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikapiga goti kwenye godoro la kuangukia, nikalikandamiza kwa ngumi, nikaachia, nikahesabu. Sponji nzima inarudi juu kabla hujafika mbili. Hapa nilifika saba na shimo la ngumi yangu bado lilikuwepo. Juu yake viraka vya rangi tatu, vimeshonwa na mtu aliyekuwa amegombana na sindano.

"Kocha," nikamwambia, "godoro hili lilikufa zamani, ni vile tu hamjalizika."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ndiyo maana wiki tatu za kwanza nafundisha kuanguka tu, mama. Mtoto asiyejua kuanguka simpandishi popote."

Wiki tatu za kuanguka. Wanangu kuanguka wanajua tangu wana mwaka mmoja, tena bila ada. Nukta amepapenda, kwa sababu amejirusha chali mara kumi na hakuna aliyemgombeza. Chachu alisimama pembeni, mikono kifuani, akingoja nimalize.

Hapana. Ukumbi huu tumeufuta.

Jumatano, 13 Machi

Ukumbi wa pili, ndani ya shule moja ya kulipia. Kocha ni dada mwenye sauti laini, na kila nilichomuuliza alijibu kwa maneno yaleyale ya kwenye karatasi tuliyopewa mlangoni. Sponji: nilihesabu tatu. Si haba. Boriti ya kutembelea inalia, skrubu ya mguu mmoja imelegea. Nimeikaza kwa sarafu kabla ya kuondoka, kwani nisingelala.

Labda.

Jumamosi, 16 Machi

Huu hapa. Sina haja ya kutafuta tena.

Ukumbi mpya kabisa, dari ya juu, sakafu yenye springi chini yake. Nilipiga goti, nikakandamiza, nikaachia. Sijafika hata moja, sponji imesharudi. Mshono mara mbili, uzi mnene, kona zimekunjwa kama nilivyofundishwa mimi na fundi aliyenilea. Nilitamani nilale palepale.

Kocha ni mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, na kupuliza kukitosha hapotezi neno. Huyu ni Filimbi tu, jina jingine litamkataa. Ukutani ana orodha ya majina ishirini, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila Ijumaa majina yanapanda na kushuka.

"Anayekosa zoezi lolote anarudi chini ya orodha na kuanza upya," akasema.

"Kwa sababu yoyote?"

"Kwa sababu yoyote, mama. Wanaotafuta sababu huwa wanazipata."

Nikampenda hapohapo. Wazazi hawaruhusiwi kuangalia. Kuna pazia zito, nasi tunasubiri kwenye viti vya nje. Anasema mtoto akimwona mama yake ndipo anapokumbuka kulia.

"Wangu hawalii," nikamwambia, na nilisema kwa sauti ili wote wasikie. Chachu akanyoosha shingo utadhani amevishwa medali.

Fomu nimezijaza nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 18 Machi

Chachu ameanza. Namba kumi na nane. Nukta yuko kundi la wadogo, ambao nao wana orodha yao fupi.

Ijumaa, 22 Machi

Kumi na tatu. Mvua.

Ijumaa, 29 Machi

Namba tisa. Nimemwambia kila mteja aliyeingia karakana leo, pamoja na mzee wa watu aliyekuja kuuliza njia tu.

Jumatano, 3 Aprili

Nukta ameamka na tumbo. Nikamwambia tumbo la siku ya mazoezi nalifahamu, hata mimi nililiugua nikiwa shule. Amekunywa maji, amekwenda. Hakuongea njia nzima, baba yake ananiambia, na Nukta kukaa kimya ni habari ya kuandikwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Namba sita.

Ijumaa, 12 Aprili

Namba nne, na timu inachukua watano. Nimeimba nikipika.

Baba yao amerudi amelowa chapachapa. Ananiambia Chachu siku hizi anafungua mlango wa gari kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyokuwa mabingwa, mikono yote inafanya kazi. Akanitazama, akaenda kubadili nguo.

Jumapili, 14 Aprili

Kochi la daktari wa meno. Springi mbili za kulia zinalia. Nimezijua kwa kusikiliza tu, kabla sijafungua kitambaa.

Jumapili, 21 Aprili

Naandika polepole leo ili nisiruke kitu.

Kuvalisha kochi kunataka watu wawili. Mmoja anavuta kitambaa kikaze, mwingine anapiga pini. Jumapili mvutaji wangu ni Chachu, na mwaka mzima hajawahi kuniangusha. Leo tulikuwa na kochi la watu watatu, kitambaa kizito cha kijani. Nikapiga pini tatu, nikapitisha kiganja. Kimelegea.

"Vuta."

"Navuta, mama."

Nikang'oa pini, tukaanza upya. Kimelegea tena. Mara ya tatu nikanyanyua kichwa ili nimwambie kama amechoka aseme, ndipo nikaona anavyovuta. Mkono wa kushoto umekamata kitambaa, na upande wa kulia amekigandamiza kwa kiwiko. Kiganja cha kulia amekifungia kifuani.

"Nipe mkono."

"Hauna kitu."

Nikauchukua mwenyewe. Nilipogusa kifundo hakupiga kelele. Alifumba macho, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Kifundo kimevimba, mtu yeyote angekiona, isipokuwa labda fundi anayesikia springi inayolia ndani ya kochi la mwenzake.

Nukta alikuwa amekaa juu ya robota la sponji. "Mimi dada aliniambia nisiseme," akasema, na machozi tayari.

"Tangu lini?" nikamuuliza Chachu.

"Tangu namba tisa."

Nikahesabu. Wiki tatu na zaidi. Wiki tatu anasimama kwa mikono juu ya mfupa unaomuuma, na mimi nje ya pazia nahesabu namba zake.

"Kwa nini hukumwambia kocha?"

"Ningerudi chini ya orodha. Yule mwenye nywele fupi alisema mguu unamuuma, akatoka wa pili akawa wa ishirini. Amehama."

"Haya, kocha ana orodha. Na mimi je? Mimi orodha sina."

Chachu alikuwa anatazama pini zilizotapakaa sakafuni. "Wewe umewaambia watu wote mimi silii," akasema. "Ningekuambia, ungesema jikaze."

Nilikasirika, kwanza na Filimbi, halafu na Nukta kwa kukaa na siri, halafu na baba yao kwa kuona mkono wa kushoto asiseme zaidi. Nikaishiwa watu wa kuwakasirikia, nikabaki peke yangu. Kwa sababu ni kweli. Ningesema jikaze. Najua hata ningesemaje, huku nakata uzi kwa meno, bila kumtazama.

Kochi la kijani limebaki wazi. Mwenye nalo atasubiri.

Jumatatu, 22 Aprili

Daktari wa mifupa ametuonyesha picha kwenye kioo cha taa. Mfupa wa mtoto, anasema, una sehemu karibu na kiungo ambayo ndiyo inayokua, na ni laini kuliko kwingine. Ya Chachu imeumizwa kwa kubeba uzito kila siku bila kupumzishwa. Haijavunjika. Angeendelea wiki chache nyingine, mkono huo ungeweza kukua mfupi kuliko mwenzake.

Wiki sita za kuvaa kifaa cha kuushikilia. Hakuna kusimama kwa mikono, hakuna kuning'inia kwenye vyuma, hakuna chochote.

"Mchujo ni tarehe nne," Chachu akamwambia.

"Basi tarehe nne wewe hupo," daktari akasema, bila ubaya.

Kwenye gari hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekwenda kwa Filimbi na maneno niliyoyapanga tangu alfajiri. Nikayamwaga yote: orodha, pazia, mtoto wa nywele fupi, mfupa. Akanisikiliza, filimbi mkononi.

"Hakuniambia," akasema nilipomaliza.

"Asingekuambia. Wewe anayesema anaumwa unamshusha."

"Sawa, mama, hilo ni langu na nitalifikiria. Lakini huyu kwangu alikaa saa mbili kwa siku. Nyingine zote alikuwa kwako."

Nilikwenda kumpa vidonge vyake, nikarudi navyo mfukoni. Hata hivyo watoto nimewatoa, wote wawili. Nukta alipoambiwa, alikula sahani mbili, na tumbo la Jumatano halikutajwa tena.

Nimekaa karakana nikawaza. Nilikwenda kumbi tatu, nikapiga goti mara tatu, nikahesabu mara tatu. Nilichagua godoro. Mtu atakayesimama kando ya godoro na mtoto wangu juu yake, huyo sikumchagua, nilimkuta tu nikampenda kwa kuwa ameongea kama mimi.

Jumamosi, 27 Aprili

Siku ya nne Chachu haongei nami. Anaongea na baba yake, na Nukta, na jirani ambaye hata hampendi. Kwangu ni "ndiyo" na "hapana". Anasema nimemtoa namba nne.

Mvua usiku na mchana.

Jumamosi, 4 Mei

Siku ya mchujo. Karakana sikufungua.

Chachu amekaa dirishani tangu asubuhi, akiangalia saa ya ukutani kila baada ya muda. Saa tatu wanapasha miili moto. Saa nne wanaanza na boriti. Anajua ratiba yote. Saa tano, ambayo ingekuwa zamu yake ya vyuma, akalia. Si kilio cha kujificha, kilio cha mdomo wazi, mabega yanaruka, cha mtoto wa miaka mitatu. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia hivyo.

Lile neno lilinifika mdomoni. Naapa lilifika kwenye meno. Nikalimeza, nikakaa chini sakafuni karibu na kiti chake, nikashika mguu wake kwa kuwa mkono sikuthubutu. Nukta akaja akashika mguu wa pili. Tulikaa hivyo mpaka baba yao akarudi, akatukuta, akavua mabuti taratibu na kukaa nasi bila kuuliza.

Alipomaliza kulia, Chachu akajifuta pua. "Mkono ukipona nitarudi," akasema, na alikuwa anasema nami. "Lakini ukumbi nachagua mimi."

"Sawa. Utaangalia nini?"

"Siangalii. Nitauliza swali moja."

"Swali gani?"

"Utalisikia hukohuko."

Jumatano, 8 Mei

Kochi la kijani limekwisha. Aliyenivutia kitambaa ni baba yao. Anavuta vibaya sana.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imepungua. Chachu alitaka tuanze na Filimbi. Nikamwambia sitaki. Akasema yeye ndiye anayechagua, na kama namwogopa nisubiri nje, viti navijua. Nikaingia.

Orodha bado iko ukutani. Jina lake limefutwa, na nikaona alivyotazama mahali lilipokuwa. Akasimama mbele ya kocha, mkono kwenye kifaa, daftari lake la shule mkono wa pili.

"Kocha, nikikuambia inauma, utafanya nini?"

Hilo ndilo swali. Mimi nimeuliza kumbi tatu habari za vyuma, vyeti, vikombe na sponji, na hilo halikunipitia kichwani.

Filimbi hakutabasamu. "Nitataka kujua inauma kweli au umechoka," akasema. "Bingwa anajua tofauti."

"Na nisipojua tofauti?"

Kocha alifikiri. Nampa sifa hiyo, alifikiri kweli. "Hapo sina jibu zuri," akasema.

Chachu akaandika, akamshukuru. Nje alitembea haraka mbele yetu. Alikipenda kile chumba. Bado anakipenda, na mimi roho iliniuma kumwona anakipa mgongo kwa miguu yake mwenyewe.

Jumamosi, 25 Mei

Wa pili, yule dada wa sauti laini. Swali lilelile.

"Hapa kwetu, mpenzi, mtoto ndiye namba moja," akasema. "Tutakusikiliza kwa upendo, wakati wote."

"Halafu?"

"Halafu tutakusikiliza."

Chachu akaandika mstari mmoja mfupi.

Kisha ghalani. Nilikwenda nimeinamisha uso kidogo, nikikumbuka mazishi ya godoro. Porojo alinitambua, akafungua mikono. "Mama wa magodoro. Leo umekuja na jeneza?" Nikacheka, nifanyeje. Chachu hakutupa nafasi.

"Kocha, nikikuambia inauma, utafanya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Porojo alinyamaza. Akakuna shavu. "Kwanza nitanuna," akasema. "Maana nitakuwa nimepanga kazi ya siku, na mimi mipango yangu ikivurugwa nanuna, waulize hawa. Halafu nitakutoa, utakaa pale kwenye benchi na barafu. Utaniona nimenuna. Usinijali. Ni uso tu, unapita."

"Hata siku ya mashindano?"

"Siku hiyo nitanuna zaidi. Na bado nitakutoa."

Watoto waliokuwa karibu wakacheka, mmoja akasema kweli, wiki iliyopita alinuna mpaka jioni. Chachu hakucheka. Aliandika muda mrefu, ukurasa ukaisha akageuza. Nukta yeye alikuwa ameshajirusha chali kwenye godoro bovu.

Jumatano, 29 Mei

Jua siku nzima. Baba yao amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumamosi, 1 Juni

Jumatatu tunarudi kwa daktari kutoa kifaa. Chachu ameshaamua: ghalani. Wiki tatu za kuanguka, halafu kila kitu kuanzia mwanzo, na timu ni mwakani. Nilimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa kule sponji ni mbovu na paa linavuja. Akasema sponji ni kazi yangu na paa ni la baba, yeye amechagua kocha. Nikanyamaza, maana nilikuwa na kipimo cha godoro la Porojo tayari mfukoni.

Jioni alikuja karakana na daftari lake. Nilikuwa nashona mto. Akasimama mbele ya mashine, wima, kama alivyosimama mbele ya wale watatu.

"Mama, nikikuambia inauma, utafanya nini?"

"Nitakusikiliza," nikasema haraka.

Akatikisa kichwa. "Hilo ni jibu la yule wa pili."

Mashine niliiachia. Nilitaka kumwambia mimi ni mama yake, si kocha wa kuhojiwa, na nikaona kwamba hivyo ndivyo ingekuwa, ningepaza sauti, angefunga daftari, na mkono mwingine siku nyingine ungevimba kimya kimya. Nikauweka mto chini.

"Nitakuambia jikaze," nikasema. "Limenizoea, litatoka kabla sijafikiri. Usilisikilize. Niambie tena mara ya pili."

"Na nikikuambia mara ya pili?"

"Nazima mashine, navaa viatu, tunaondoka."

Safari hii hakuandika chochote.

"Sawa," akasema. "Ila ile mara ya kwanza, ifanyie mazoezi."